Miezi Mitano Kwihara: Somo la Faragha kwa Mtu Anayesubiri

Sisi tuliopitia UKWATA, CASFETA au TYCS tulipokuwa sekondari tumefika chuoni tukijua vizuri kuomba kwa wingi. Mkesha tunaujua. Kufunga kwa kikundi tunakujua, na kuomba kwa sauti mpaka koo likauke pia tunajua. Ambacho naona hatukufundishwa sana ni kuomba peke yako, kimya, bila mtu wa kukuitikia amina. Nataka tujifunze hilo, na mfano mzuri uko hapa hapa Tabora, kilomita chache kutoka mjini.

Kwanza tutenganishe maneno mawili. Upweke ni kuachwa, na haumjengi mtu. Faragha ni kujitenga kwa hiari, kwa muda, ukijua kwamba utarudi. Soma Marko 1:35 na mistari inayofuata. Yesu anaamka kabla hakujakucha, anakwenda mahali pasipo watu, anaomba. Wanafunzi wanamtafuta, na akishapatikana anaendelea na safari ya vijiji vingine. Luka 5:16 inaonyesha kuwa hiyo ilikuwa desturi yake, tena wakati ambapo watu walizidi kumjia. Kwa hiyo faragha si starehe ya mtu asiye na kazi.

Sasa twende Kwihara. Pale kuna tembe, nyumba ya udongo yenye paa la bapa, ambayo leo ni makumbusho. Wengi wetu tunaijua kwa ajili ya picha za simu. David Livingstone aliingia Unyanyembe pamoja na Henry Morton Stanley Februari 1872, wakitokea Ujiji. Tarehe 14 Machi Stanley akaondoka kwenda pwani, akiwa ameahidi kumtumia wapagazi. Mzee akabaki kuwasubiri. Alisubiri mpaka katikati ya Agosti, na akaondoka tarehe 25 mwezi huo. Zaidi ya miezi 5 ya kungoja, huku vita kati ya Waarabu wa Tabora na Mtemi Mirambo vikiwa havijaisha, na yeye mwenyewe mwili umechoka.

Hapo ndipo somo linapotuhusu. Mwanafunzi wa Tanzania ni mtu wa kusubiri. Unasubiri bumu, unasubiri matokeo. Na sisi wa ualimu tunajua kabisa kwamba baada ya kuhitimu kuna kusubiri kwingine, kwa ajira, ambako kwa kaka na dada zetu wengi kumechukua miaka. Muda wa namna hiyo unaweza kumla mtu. Anaamka hana ratiba, anashika simu, jua linazama.

Livingstone aliutumiaje? Siku 5 baada ya Stanley kuondoka ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, alifikisha miaka 59. Katika shajara yake ya siku hiyo, 19 Machi 1872, aliandika sala fupi ya kujitoa upya kwa Yesu. Hakuwa mgeni wa jambo hilo: kabla ya hapo, alipokwama Manyema, mashariki ya Kongo, akiwa na vidonda vya miguu, aliisoma Biblia yote mara 4. Hapa Kwihara aliendelea na ibada, akaandika barua, akatazama ndege wanavyolisha makinda na kuyaandika aliyoyaona. Napenda sana hilo la ndege. Mtu anayeomba vizuri macho yake hufunguka.

Lakini jambo kubwa zaidi ni barua moja. Tarehe 1 Mei 1872 alimaliza kuandika barua kwa gazeti la New York Herald, akiwaomba Wamarekani wasaidie kukomesha biashara ya watumwa ya pwani yetu. Kumbuka aliandikia wapi: kwenye njia ile ile ya misafara ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo, ambako watu walipitishwa wakiwa wamefungwa minyororo. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa Juni 1873. Sisemi barua moja ndiyo iliyolifunga. Nasema ukimya wa mtu yule haukumfanya asahau kilio cha nje.

Tusimfanye malaika, lakini. Watoto wake walikua baba yao hayupo, na mkewe Mary alifia kwenye mto Zambezi mwaka 1862. Kupenda kukaa peke yako kunaweza pia kuwa njia ya kuwakwepa walio wako. Ukiona faragha yako inakufanya usipokee simu ya mama nyumbani, jichunguze.

Tena hakuwa peke yake kama picha zinavyodai. Alikuwa na Susi, Chuma na wengine, walioishi naye na kumwona akiomba. Mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, walimkuta amefariki akiwa amepiga magoti kando ya kitanda. Waliubeba mwili mpaka Bagamoyo. Walipopita Kwihara, Mwingereza Cameron aliwashauri wamzike, wakakataa.

Kuhusu utaratibu, nianze na kitu tulichosoma darasani. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aligundua kwamba mwalimu akiuliza swali husubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kudakia. Akivumilia sekunde 3 au zaidi, majibu ya wanafunzi yanakuwa marefu na bora. Nikifikiria maombi yetu mengi, ni mwalimu wa sekunde 1. Tunauliza, tunajijibu, tunasema amina, tumeondoka. Kwa hiyo anza na dakika 15 tu. Soma kifungu kifupi, Marko inafaa kwa sababu haina maneno mengi. Sema ulicho nacho, halafu nyamaza dakika 5. Mawazo yatazurura kwenda kwenye asaimenti na deni la chipsi. Usigombane nayo, taja jambo hilo mbele za Mungu kisha rudi kwenye kifungu. Daftari linasaidia. Simu haisaidii hata kama Biblia iko humo, mwachie mwenzako.

Kama umechoka sana, lala. Katika 1 Wafalme 19 Eliya alikimbilia jangwani akitaka kufa, na kabla ya mafundisho yoyote alipewa usingizi na chakula, mara mbili.

Mahali ndiyo kazi, maana hosteli ina vitanda vya juu na chini na spika ya mtu fulani. Kanisa lisilo na ibada katikati ya wiki linafaa. Mwembe wowote wa Tabora unafaa, tena miembe ya njia ya misafara ilishawapa kivuli waliochoka kuliko sisi. Na muda? Mimi nafuata ndugu zetu Waislamu. Adhana ya alfajiri ikisikika, wenzangu wawili chumbani wanaamka kuswali, nami naamka. Ni kama nusu saa hivi kabla ya foleni ya bafuni.