Fundi Kafunga Gesi, Mume Anataka Kuifungua

Shikamoo Shangazi,

Tunaishi Minneapolis, Marekani, kwenye nyumba tuliyoinunua wenyewe. Juzi hita ya gesi iliyoko chini ya nyumba ilisumbua, tukaita fundi. Akasema chuma cha ndani kinachopasha hewa joto kimepasuka. Akafunga gesi, akabandika karatasi nyekundu, akatutajia dola 7,000 za hita mpya. Mume wangu anasema huo ni wizi: moto unawaka vizuri, na king'ora cha gesi hakijawahi kulia. Anataka kuiwasha. Shemeji yangu, fundi wa magari, amejitolea kuja kuuchomelea ufa. Watoto wanalala na makoti. Nisisahau: tangu Desemba mimi na binti yangu huamka na maumivu ya kichwa, tukitoka nje yanaisha. Nimsikilize nani?

Mama wa Wawili

Marahaba, mwanangu.

Uliyoyaandika mwisho ndiyo ya kwanza. Kichwa kinachouma ndani ya nyumba na kupoa mkitoka ni dalili ya kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ndiyo hiyo hiyo inayowaua watu huku kwetu wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Jiulize: tangu gesi ifungwe, mnaamkaje? Hata kama mmepata nafuu, mwoneni daktari na umweleze habari ya hita. Gesi hii hupungua sana mwilini ndani ya saa chache, kwa hiyo kipimo cha damu kikiwa safi leo hakiwezi kuisafisha Desemba.

Sasa mwite mumeo asome na hapa. Ndani ya hita, gesi huungua ndani ya chuma chembamba. Feni hupitisha hewa ya nyumba nje ya chuma hicho, ikachukua joto na kupanda vyumbani, huku moshi ukitolewa nje kwa bomba lake. Kinachotenga moshi na hewa mnayovuta ni chuma hicho tu. Kila moto ukiwaka kinatanuka, ukizimika kinanywea, na miaka ikipita kinachoka na kupasuka. Filta iliyoziba huharakisha, kwa sababu hewa ya kukipoza haipiti vya kutosha. Moto unaweza kuonekana mzuri na ufa upo.

Kimya cha king'ora nacho kisimdanganye. Ving'ora vya kawaida vya Marekani vimetengenezwa visilie haraka kwa kaboni monoksidi kidogo: kwenye sehemu 70 kwa milioni huweza kuchukua saa 1 hadi 4, na kwenye 30 havitakiwi kulia kabla ya siku 30. Angalieni pia tarehe iliyoandikwa nyuma, maana navyo huisha muda. Siku chenu kikilia, tokeni wote nje, kisha mpige 911.

Shemeji mpikieni chai, vifaa vyake vibaki kwenye gari. Chuma kilichochoka ukikichomelea hapa kitapasuka pale.

Kwenye bei, mumeo ana hoja. Wapo mafundi wanaotumia neno "ufa" kuuza hita mpya. Dai picha ya ufa wenyewe, iliyopigwa kwa kamera ndogo ndani ya hita yenu, pamoja na vipimo vya gesi kwa maandishi. Kisha mlipe fundi wa pili, wa kampuni nyingine, akague tu. Usimwambie bei ya kwanza. Ikibidi hita iwashwe, aiwashe yeye akiwa na kipimo chake mkononi.

Soma pia kibandiko cha hita: mwaka, modeli na namba yake, kisha umpigie mtengenezaji. Wengi hukidhamini chuma hiki kwa miaka 20 au zaidi, ila dhamana huweza kupungua nyumba ikibadilisha mmiliki, na mara nyingi ufundi mtalipa wenyewe. Hita ikiwa changa na dhamana ipo, badilisheni chuma. Ikiwa imepita miaka 15, pesa ya ufundi ni afadhali iende kwenye mpya. Kabla ya kusaini popote, ulizeni Energy Assistance Program ya jimbo la Minnesota. Kipato chenu kikiwa ndani ya kiwango chao, huweza kusaidia wenye nyumba kutengeneza hita au kuibadilisha.

Usiku wa leo laleni chumba kimoja na hita ya umeme, ichomekwe ukutani moja kwa moja bila waya wa kuongezea, mita moja mbali na matandiko. Mkaa na oveni ya gesi visitumike kupasha nyumba. Acheni maji ya bomba yadondoke kidogo, mabomba yasigande. Nyumba ikishindikana, nendeni kwa ndugu.

Kwa hiyo usimchague mmoja kati yao. Mumeo aendelee kuigombea bei, tena kwa nguvu. Gesi ibaki imefungwa hadi fundi wa pili aweke vipimo vyake mezani.

Shangazi