Tuitazame tena WrestleMania III ya mwaka 1987



Swali ambalo sisi walezi wa vijana tunaulizwa mara kwa mara ni hili: mieleka ya kwenye TV ni ya kweli au ni maigizo? Na kama ni maigizo, je, anayeitazama anashiriki uongo? Wengine huuliza kwa utani, ila wapo wanaouliza kwa dhati, hasa wale ambao mama amewazimia televisheni akisema "acheni huo upuuzi." Badala ya kujibu kwa maneno ya jumla nimeona tuchukue onyesho moja, tulichambue kama tunavyochambua somo, kisha kila mtu aone mwenyewe. Nimechagua la zamani kwa makusudi. La zamani halina mashabiki wa kukugombeza, na mambo yaliyofichwa wakati ule leo yako wazi.

Onyesho lenyewe ni WrestleMania III, lililofanyika tarehe 29 Machi 1987 katika uwanja uliofunikwa wa Pontiac Silverdome, jimbo la Michigan, Marekani. Waandaaji ni WWF, kampuni ya Vince McMahon. (Hiyo ndiyo WWE ya leo. Walilazimika kubadili jina mwaka 2002 baada ya kesi na shirika la kuhifadhi wanyamapori lenye herufi hizohizo tatu. Ndiyo, lile lenye nembo ya panda!) Yalikuwapo mapambano 12. Watangazaji walikuwa Gorilla Monsoon na Jesse Ventura, na huyu Ventura baadaye alichaguliwa kuwa gavana wa Minnesota. Aretha Franklin aliimba mwanzoni, akiwa kwenye piano. Wanamieleka walipelekwa ulingoni kwa vigari vidogo vyenye umbo la ulingo, maana kutoka mlangoni hadi katikati ya uwanja ule kulikuwa safari.

Tuanze na hesabu, kwa sababu hapo ndipo suala la ukweli linapoanza. Kampuni ilitangaza watu 93,173. Namba hiyo imerudiwa miaka na miaka kama vile ni aya ya Maandiko. Lakini Dave Meltzer, mwandishi anayefuatilia mieleka kwa makini kuliko karibu mtu yeyote, anashikilia kwamba waliokuwamo walikuwa kama 78,000. Tazama vizuri: watu 78,000 ni umati mkubwa ajabu! Hakukuwa na haja ya kuongeza hata mmoja. Ila biashara hii ilijengwa juu ya kuongeza. Miezi sita baadaye, Septemba 1987, Mtakatifu Yohane Paulo II aliadhimisha Misa ndani ya Silverdome hiyohiyo, na mpaka leo wako watu wanaobishana ni nani alijaza zaidi, Papa au Hulk Hogan. Mimi naona ni ubishi wa kitoto, lakini unachekesha.

Sasa twende kwenye pambano kuu: Hulk Hogan, bingwa, dhidi ya Andre the Giant.

Hadithi waliyopewa watazamaji ilikuwa rahisi. Hogan na Andre walikuwa marafiki. Andre, jitu lisilowahi kushindwa kwa miaka 15, akamwonea wivu rafiki yake, akamwajiri meneja mwenye hila, Bobby Heenan, akadai apambanie mkanda. Mwanzoni mwa 1987 walikutanishwa mbele ya kamera, na Andre akamrarua Hogan fulana pamoja na mkufu wenye msalaba aliouvaa shingoni. Hogan akabaki ameduwaa, kifua kina damu.

Hapo nilisimamisha video. Ni msalaba ule. Hogan alikuwa akiuvaa kila mahali, na alikuwa na kawaida ya kuwaambia watoto wafanye mazoezi, wasali na wale vitamini. Kuukata msalaba shingoni mwa mtu ilikuwa njia ya mkato ya kumwonyesha mtazamaji nani mwema na nani mwovu, bila kupoteza dakika kueleza. Ilifanya kazi kweli, watoto walilia. Lakini msalaba uligeuzwa kuwa kifaa cha jukwaani, sawa na kiti cha chuma au kengele. Sisemi Hogan hakuwa na imani, hilo ni lake na Mungu wake. Nasema waliopanga tukio walijua msalaba unauza tiketi. Na tusiwacheke Wamarekani, kwani wapo wenzetu ambao rozari yao inaonekana shingoni kwenye picha za mtandaoni tu.

Hilo la "hajawahi kushindwa kwa miaka 15" nalo si kweli. Andre alikuwa ameshindwa mara kadhaa katika nchi nyingine, na alikwisha kupambana na huyuhuyu Hogan kwenye uwanja wa Shea, New York, mwaka 1980. Wakati ule hapakuwa na intaneti ya kumkagua mtangazaji. Aliyesema ndiye aliyejua.

Pambano lenyewe, nikiwa mkweli, ni zito na la polepole. Mara tu kengele inapolia Hogan anajaribu kumnyanyua Andre, anashindwa, anaangukiwa, na mwamuzi anakaribia kabisa kumaliza hesabu ya tatu. Baada ya hapo ni Andre kumkanyaga, kumgonga kwa kichwa, kisha kumkumbatia kwa mikono ile mikubwa na kumbana mbavu. Kumbatio hilo linachukua muda mrefu hadi unaweza kwenda jikoni kuchota chai ukarudi ukawakuta palepale. Mwisho Hogan anamwangusha kwa mkono, anambeba juu juu, anambwaga, anamrukia kwa mguu, moja, mbili, tatu. Dakika kama 12 tu, na uwanja mzima unapasuka kwa kelele.

Kwa nini lilikuwa la polepole? Andre Roussimoff, aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1946, alikuwa na ugonjwa uitwao akromegali, ambapo tezi iliyo chini ya ubongo hutoa homoni ya ukuaji kupita kiasi. Mifupa huendelea kunenepa, viungo huuma, moyo hulemewa. Kampuni ilimtangaza kuwa na urefu wa mita 2.24 na uzito wa kilo zaidi ya 230, kana kwamba ni sifa. Kumbe ndiyo ilikuwa inamuua. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mgongo, na usiku ule alivaa mkanda wa kumshikilia mgongo ndani ya ile nguo nyeusi ya bega moja, watu wasiuone. Sasa rudi utazame tena lile kumbatio refu. Mtu yule alikuwa anapumzika amesimama.

Halafu kuna kile kitendo cha kunyanyuliwa. Hakuna binadamu anayeweza kumbeba mtu wa ukubwa ule na kumgeuza hewani kama mwenyewe hataki. Hogan alisimulia mara nyingi kwamba mpaka wako ulingoni hakuwa na hakika kama Andre atakubali. (Hogan pia, kadiri miaka ilivyokwenda, aliuongeza uzito wa Andre kila aliposimulia, kwa hiyo tumsikilize kwa tahadhari.) Lakini kwenye picha utaona mwenyewe: Andre alikubali. Kwa mgongo ule, mbele ya umati ule, alijiachia abwagwe chini ili kijana wake apande juu. Kisha akarudishwa kwenye kigari kile kidogo pamoja na Heenan, watu wakiwarushia takataka. Alifariki Januari 1993 hotelini Paris, akiwa amekwenda Ufaransa kumzika baba yake. Alikuwa na miaka 46.

Kwa hiyo ukiniuliza kama ile ilikuwa kweli au uongo, nitakuuliza kwanza unaongelea sehemu ipi. Matokeo yalipangwa, ndiyo. Mwaka 1989 kampuni yenyewe iliwaambia wabunge wa jimbo la New Jersey kwamba hii ni burudani, si mashindano halisi, na haikufanya hivyo kwa kuguswa na dhamiri! Ilitaka kuondokana na usimamizi na kodi za tume ya michezo. Katekisimu (namba 2482) inaeleza uongo kuwa ni kusema lisilo kweli kwa nia ya kudanganya. Mchezo wa kuigiza ambao mtazamaji anajua ni mchezo haumdanganyi mtu. Tunapoigiza Mateso ya Bwana Ijumaa Kuu hakuna anayempeleka polisi yule aliyeigiza askari wa Kirumi. Mgongo wa Andre, kwa upande mwingine, haukuwa maigizo hata kidogo.

Uongo ninaouona mzito uko kwingine, kwenye zile vitamini.

Mwaka 1994 McMahon alisimama mahakamani Marekani kwa tuhuma za kugawa steroidi, yaani dawa za kutunisha misuli, kwa wanamieleka wake. Mahakama ilimwachia huru. Lakini katika kesi hiyo Hogan, akiwa chini ya kiapo, alikiri kwamba alikuwa akizitumia tangu mwaka 1976. Miaka mitatu kabla yake alikuwa amekwenda kwenye kipindi cha televisheni akakana kuwa mtumiaji, akisema aliwahi tu kutumia kidogo kwa ajili ya jeraha. Piga hesabu sasa. Usiku ule wa 1987, ile mikono iliyomnyanyua Andre ilikuwa ya dawa kwa sehemu, na mtoto wa miaka tisa aliyekuwa nyumbani alikuwa ameambiwa siri ni sala na vitamini. Mtoto yule hakuwa ndani ya mchezo. Hakujua. Huyo ndiye aliyedanganywa.

Nalikazia hili kwa sababu ya vijana wetu wanaokwenda jimu. Mazoezi ni mazuri, endeleeni. Lakini kuna unga na sindano zinazouzwa pembeni bila daktari wala karatasi ya maelezo, na anayeziuza daima ana kifua kizuri cha kukuonyesha. Steroidi zisizosimamiwa huharibu moyo, ini na uzazi. Katekisimu hiyohiyo, namba 2289, inatukataza kuufanya mwili kuwa sanamu ya kuabudiwa. Kama una maswali, niulize mimi au nenda kwa daktari, usimuulize muuzaji.

Mapambano mengine nitayapitia haraka, ila mawili yameniudhi. Katika la tatu waliwekwa ulingoni watu wenye kimo kifupi pamoja na King Kong Bundy, jamaa wa kilo zaidi ya 180, ili umati ucheke. Bundy akambwaga mmoja wao, Little Beaver, mzee wa zaidi ya miaka 50, na kumwangukia kwa kiwiko. Hapo hata wenzake wa timu moja walimgeuka Bundy, na ndivyo ilivyopangwa. Lakini kicheko cha mwanzoni kilikuwa cha kweli. La nne: Junkyard Dog, mwanamieleka mweusi ambaye vazi lake la kazi lilikuwa mnyororo shingoni, alishindwa na "mfalme" Harley Race, na kwa sharti la pambano akalazimika kumwinamia. Aliinama, kisha akamtwanga mfalme kwa kiti na kuvaa joho lake. Umati ulifurahi. Mimi sikuweza kufurahi, maana mnyororo ule niliuona tangu anaingia.

Jema la usiku ule ni la tisa: Randy Savage na Ricky Steamboat, wakigombea mkanda wa Intercontinental. Kisa chao kilianza miezi kadhaa kabla, Savage alipomruka Steamboat kooni akiwa na kengele ya ulingo, kwenye hadithi ikaelezwa kwamba ameumizwa vibaya. Savage hakupenda kubahatisha. Aliandika pambano zima hatua kwa hatua, namba kwa namba, na kwa majuma kadhaa akawa anamhoji Steamboat: ikija hatua hii, inafuata ipi? Steamboat amelisimulia hilo mwenyewe. Huu ndio ufundi wa kazi yao: kila mmoja anamkabidhi mwenzake shingo yake, akitegemea amekumbuka hatua inayofuata. Anayesahau anamvunja rafiki.

Linakwenda kwa dakika zisizofika 15. Karibu na mwisho Savage anaichukua tena kengele, anapanda juu ya kamba, na George Steele, aliyekuja kumsindikiza Steamboat, anamsukuma chini. Savage anainuka, anataka kumbeba mwenzake ambwage, na Steamboat anajikunja kama kifurushi na kumbana mabega chini. Ukipata nafasi ya kutazama moja tu kati ya yale 12, tazama hili, na uhesabu ni mara ngapi mwamuzi anafika mbili mkono usishuke kwa ya tatu. Mimi nilipotea hesabu nikalirudia.