Maumivu ya Nyonga: Sindano Inayoongozwa kwa Picha

Somo letu la leo linahusu maumivu ya nyonga. Haya ni maumivu ya chini ya kitovu, ya kinena au ya sehemu za siri, yanayodumu kwa miezi mingi. Hapa Kalenga wapo akina mama wanaopalilia vitunguu huku wamejikaza khanga kiunoni kwa ajili yake. Wapo na akina baba wasioweza kukaa juu ya kigoda. Wengi huficha kwa aibu. Kuficha ni hatari.

Maumivu husafirije?

Habari ya maumivu hufika kwenye ubongo kwa kupitia mishipa ya fahamu. Tuifananishe na mifereji inayoleta maji mashambani kutoka Mto Ruaha Mdogo. Ukiziba mfereji, maji hayafiki shambani. Vivyo hivyo, dawa ya ganzi ikiwekwa karibu na mshipa wa fahamu, habari ya maumivu haifiki kwenye ubongo.

Mshipa mmoja wa sehemu hii hutoka chini ya uti wa mgongo, hupita ndani ya makalio, kisha huenda sehemu za siri na njia ya haja kubwa. Ukibanwa au ukiumia, mtu husikia kuungua anapokaa. Akisimama hupata nafuu.

Picha ina kazi gani?

Tangu zamani madaktari waliutafuta mshipa huu kwa kupapasa mfupa kwa kidole, hasa wakati wa kuzalisha. Lakini kando yake ipo mishipa ya damu. Ganzi nyingi ikiingia kwenye damu, mgonjwa anaweza kupata degedege, au moyo ukasimama. Kwa hiyo daktari hutumia ultrasaundi, mashine ile ile wanayopimiwa wajawazito. Katika kioo huona mshipa wa damu, sindano inakokwenda na dawa inavyoenea. Wengine hutumia eksirei au sitiskani. Hizi hutoa mionzi, hivyo mwenye mimba aseme mapema.

Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza mwaka 2018 kufundisha madaktari kutibu kwa kuongoza sindano kwa picha, kama vile kutoa usaha au kufungua njia ya mkojo iliyozibwa na saratani. Hii si kazi ya zahanati.

Sindano haiondoi chanzo

Ganzi huisha baada ya saa chache. Hata hivyo, maumivu yakitulia, daktari hujua yanapita njia gani. Wakichanganyiwa dawa ya kutuliza uvimbe, wengine hupata nafuu ya wiki au miezi, wengine hawapati.

Lakini kuziba mfereji hakukaushi mto. Mimi mwenyewe nimewahi kukosea. Mama mmoja alinijia mara tatu, nami nikampa vidonge vya maumivu bila kumwuliza kama anatokwa damu. Alikuwa anatokwa. Nilipompeleka hospitali, saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imekwisha kuenea. Tangu siku ile nauliza kwanza, vidonge baadaye.

Ufanye nini?

1. Njoo zahanati. Eleza maumivu yalianza lini na yanazidi wakati gani.
2. Ukitokwa damu baada ya kujamiiana, au baada ya kukoma hedhi, usingoje.
3. Mama aliyekosa hedhi akashikwa na maumivu ya ghafla apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Huenda mimba imetunga nje ya mji wa mimba.
4. Kabla ya sindano, sema kama una mimba, una homa, unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au ganzi iliwahi kukudhuru.
5. Baada ya sindano mguu unaweza kufa ganzi kwa saa kadhaa. Usipande baiskeli. Nenda na ndugu wa kukusindikiza.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini daktari aione sindano inakokwenda?
2. Kwa nini haifai kutuliza maumivu bila kutafuta chanzo?
3. Katika kijiji chenu, ni nini kinachowazuia akina mama wasiseme mapema?