Mwili Unauma, Vipimo Vinasema Huna Kitu

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma mpaka mwisho. Unasema una miaka 36, na kwa zaidi ya mwaka sasa mwili mzima unauma: shingo, mabega, mgongo, nyonga, mapaja. Unalala usiku kucha na asubuhi unaamka umechoka vilevile. Kamba ya sidiria inakuchoma begani, mtoto akikukumbatia unakunja uso. Umetibiwa malaria, umetibiwa taifodi, UTI ndiyo usiseme, na kila ukirudi kupima unaambiwa huna kitu. Wifi yako anasema ni uvivu, jirani anasema umerogwa, na wewe mwenyewe umeanza kujiuliza kama akili yako iko sawa.

Nianze na hilo la mwisho, maana naona ndilo linalokutesa zaidi. Akili yako iko sawa, na maumivu yako ni ya kweli. Upo ugonjwa unaofanana sana na hayo unayoeleza. Unaitwa fibromayalgia, na inakadiriwa kwamba katika kila watu 100, wawili hadi wanne wanao. Wengi wanaogundulika nao ni wanawake. Mwimbaji Lady Gaga wa Marekani alitangaza mwaka 2017 kwamba anaugua ugonjwa huu, na mwaka huohuo akaahirisha maonyesho yake ya Ulaya kwa sababu ya maumivu. Siwezi kukuthibitishia kwa barua kwamba ndio ulio nao. Kazi hiyo ni ya daktari. Ninachoweza ni kukuandaa ili ukifika kwake ujue unatafuta nini.

Utauliza ugonjwa huu unasababishwa na nini. Chanzo kimoja hakijapatikana, ila wataalamu wengi wanakubaliana kwamba tatizo liko kwenye ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya fahamu, pale mwili unapopokea taarifa za maumivu. Mishipa hiyo ni kama mlinzi wa usiku aliyepewa filimbi ya kupuliza mwizi akiingia. Kwa mwenye fibromayalgia, mlinzi anapuliza hata jani likidondoka. Filimbi inalia kweli, na wewe unaisikia kweli, ingawa misuli na viungo vyenyewe havijaharibika. Ndiyo maana eksirei inatoka safi na vipimo vya damu vinatoka safi.

Kinachomfikisha mtu hapo hutofautiana. Ugonjwa huu hutembea kwenye familia, kwa hiyo mama au dada akiwa nao, uwezekano wako unaongezeka. Wengine huanza baada ya ajali, upasuaji, maambukizi makali, msiba mzito, au baada ya kuishi miaka mingi kwenye vipigo na manyanyaso. Wengine hawakumbuki tukio lolote. Kwao ugonjwa ulianza taratibu tu. Usingizi nao una sehemu yake kubwa. Mwaka 1975 huko Kanada, daktari Harvey Moldofsky na wenzake walichukua watu wazima wenye afya njema, wakawa wanawavuruga kwa kelele kila walipozama kwenye usingizi mzito. Baada ya siku chache watu hao walianza kuumwa misuli na kuchoka kama wagonjwa. Na mwaka 2021 watafiti wa Uingereza na Sweden waliwapa panya kingamwili zilizotoka kwenye damu ya wenye fibromayalgia, na panya hao wakawa wepesi wa kuhisi maumivu. Kwa hiyo huenda kinga ya mwili nayo inahusika. Uvivu haumo, mdogo wangu.

Sasa twende hospitali. Hakuna kipimo cha maabara kinachosema moja kwa moja kwamba hii ni fibromayalgia. Zamani daktari alibonyeza sehemu 18 za mwili kwa kidole gumba mpaka ukucha wake ukageuka mweupe, na mgonjwa akiumia kwenye sehemu 11 au zaidi, jibu lilipatikana. Siku hizi huangalia zaidi historia: maumivu yameenea sehemu nyingi za mwili, yamedumu miezi mitatu au zaidi, na yameandamana na uchovu, usingizi usioburudisha na kusahausahau. Kwa hiyo kabla hujaenda, chukua daftari uandike wapi panauma, tangu lini, unalalaje, na dawa gani umeshakunywa. Daktari mwenye foleni ndefu mlangoni atakusaidia haraka ukimpa maelezo yaliyopangika.

Mwombe pia aangalie magonjwa mengine yanayoweza kuleta hali hiyohiyo: upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya thairoidi, upungufu wa vitamini D, baridi yabisi, lupasi na VVU. Ukiwahi kuugua chikungunya, mtajie, kwa sababu maumivu yake ya viungo yanaweza kukaa miezi mingi. Na usisubiri miadi ukiona viungo vimevimba, homa isiyoisha, unakonda bila sababu, au mkono au mguu unakosa nguvu. Hizo ni dalili za kitu kingine, wahi hospitali.

Tukija kwenye tiba, nakuomba unisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopoteza pesa. Fibromayalgia haina dawa ya kuitoa moja kwa moja, lakini inatulizwa, na watu wanarudi kwenye kazi zao. Mwaka 2016 jopo la wataalamu wa Ulaya lilipitia tafiti za tiba mbalimbali, na kitu kimoja tu ndicho walichokipendekeza kwa nguvu: mazoezi. Najua umeguna. Mtu anaumwa halafu unamwambia afanye mazoezi! Siri ni kuanza na kidogo mno. Vaa viatu vya raba, tembea dakika tano mpaka kumi, kwenye njia tambarare, kisha rudi nyumbani hata kama unajisikia unaweza kuendelea. Fanya hivyo wiki nzima kabla ya kuongeza dakika mbili au tatu. Kosa kubwa ni siku mwili ukiwa mwepesi unafua, unadeki na kwenda sokoni kwa mpigo, halafu siku tatu zinazofuata huinuki kitandani. Gawa kazi, pumzika katikati, hata siku ile nzuri.

Usingizi upange kama unavyopanga chakula cha watoto. Lala na kuamka saa zilezile, chai ya rangi na kahawa ziishie mchana, simu ikae mbali na kitanda. Kujimwagia maji ya uvuguvugu jioni kunawasaidia wengi kulegeza misuli.

Kuhusu dawa, daktari anaweza kukuandikia amitriptilini kwa dozi ndogo jioni, au duloksetini, au pregabalini. Mbili za kwanza hutumika pia kutibu sonona, na ukimsikia mtu wa duka la dawa akisema hivyo usishtuke ukadhani umeitwa kichaa. Dawa hizo hutuliza mishipa ya fahamu, na amitriptilini husaidia pia usingizi. Zinaweza kukukausha mdomo au kukuletea usingizi mzito asubuhi. Ukiona hivyo mweleze daktari, usiache ghafla. Na kama una tatizo la moyo au ni mjamzito, mwambie kabla hajaandika.

Lakini diklofenaki ya kila siku unayojinunulia, mdogo wangu, iache. Kwa ugonjwa huu msaada wake ni mdogo, na ikitumika muda mrefu inaleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Tramadoli nayo usiizoee, ina uraibu. Anayekuchanganyia vidonge kwenye kipakiti bila kukutajia majina, usirudi kwake. Huenda humo ndani mna steroidi.

Moyo nao unahitaji kutibiwa. Msongo wa mawazo huongeza maumivu, na maumivu huongeza msongo. Ukipata mshauri nasaha, nenda bila aibu. Sala yako endelea nayo. Na ukianza kuona bora usingekuwepo, mwambie mtu siku hiyohiyo na uende hospitali.

Mwisho, zungumza na mumeo. Usimwambie tu kwamba unaumwa, kwa sababu ameshalizoea neno hilo. Mpe kazi inayoshikika: "Baba Neema, ndoo za maji asubuhi zibebe wewe, mimi nitapika." Mchukue mwende wote kwa daktari, asikie kwa masikio yake. Aliyesikia mwenyewe atakutetea vizuri zaidi mbele ya wifi kuliko utakavyojitetea wewe.

Kwa hiyo kazi za wiki hii ni tatu: daftari, miadi ya daktari, na dakika tano za kutembea. Baada ya mwezi niandikie uniambie umefika wapi, na yale majibu ya vipimo njoo nayo, tuyapange pamoja maswali ya kumuuliza daktari safari ijayo.

Dada yako anayekupenda.