Aliyeumwa na Nyoka Akiona Ung'ongo Hushtuka

Methali hii tumeiandika katika insha mara nyingi, lakini ni wangapi wetu wamejiuliza kwa nini mtu ashtuke? Nyoka alishaenda zake, na ung'ongo ni uchane tu wa kusukia mikeka. Jibu liko ndani ya ubongo, tena linawahusu wazee wengi wa huku kwetu Embu na Meru.

Mtu akiona hatari, sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala hupiga mbiu kabla hata hajafikiri. Homoni ya adrenalini huingia katika damu, moyo hudunda mbio na misuli hukaza ili akimbie au apigane. Hatari ikipita, mwili hutulia. Lakini ikiwa kubwa mno, au ikirudi kila siku, mbiu hiyo huenda isizimike vizuri. Hicho ndicho kiwewe. Mwenye kiwewe hukosa usingizi, huota ndoto mbaya, huumwa na kichwa au tumbo, hukasirika upesi, na hukwepa chochote kinachomkumbusha.

Sasa tutazame historia. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Kuanzia 1954, serikali ya kikoloni iliwahamishia Wakikuyu, Waembu na Wameru zaidi ya milioni moja katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki yenye miti iliyochongwa. Humo mlikuwa na kafyu, njaa na kazi za lazima. Nyanya yangu aliingizwa katika kijiji kama hicho, hapa Embu, akiwa na miaka minane. Hadi leo akisikia firimbi husimama wima huku mikono ikitetemeka, hata kama ni refa tu uwanjani. Watu husema ati ni uzee. Sio uzee, ni ung'ongo.

Je, kuna dawa? Ndiyo, ipo. Kwanza ni usalama: mtu hawezi kupona akiwa bado anatishwa. Pili ni pumzi: kuivuta polepole na kuitoa polepole zaidi huusaidia mwili kutulia. Tatu ni kusema, lakini kwa hiari. Kumlazimisha mtu asimulie yote kwa siku moja kwaweza kumuumiza upya. Nyanya husimulia kidogo kidogo akichagua maharagwe. Akinyamaza, nami hunyamaza. Nne, dalili zikizidi mwezi mmoja na kumzuia mtu kusoma au kufanya kazi, aende hospitali. Yapo matibabu ya mazungumzo ambayo yamewasaidia wengi, kwani mficha maradhi kifo humuumbua.

Kutambuliwa nako husaidia. Mnamo Juni 2013, baada ya wazee wetu kwenda mahakamani London, Uingereza ilitamka kwamba inasikitikia mateso yale, ikakubali kuwalipa watu 5,228. Fedha hazirudishi utoto wa mtu, lakini mzee aliyeambiwa miaka mingi kwamba anazua sasa amesadikiwa.

Nasi wanafunzi tuna kazi hapa. Mwenzetu aliyeponea ajali ya matatu akiogopa kupanda gari, tusimcheke wala tusimwambie, "Si ni gari tu!" Tukae naye, tumsikilize, na akikubali tumsindikize kwa mwalimu wa ushauri. Mwili wake unakumbuka nyoka ambaye sisi hatukumwona.