Dondoo muhimu: Kikomo cha Fuliza kikishushwa ghafla

Tangu Januari 2019, Fuliza, huduma ya M-Pesa ya kukopeshwa salio lisipotosha, imewavusha Wakenya wengi siku za mwisho wa mwezi. Kikomo kikishuka, hata kikifika sufuri, deni la zamani halifutiki: pesa zinazoingia M-Pesa hukatwa kwanza kulilipa, na ada ya kila siku huendelea kuhesabiwa. Kwa hiyo karo au kodi ya nyumba isipitie hapo. Mwombe anayekutumia pesa hizo azilipe moja kwa moja shuleni au kwa mwenye nyumba. Kisha panga siku ya kulimaliza deni, mapema iwezekanavyo.

Usikope kwenye programu nyingine ili kuziba pengo. Hilo ndilo linaloangusha vibanda vya watu. Kama una kibanda, afadhali uzungumze na muuzaji wa jumla kabla tarehe ya kumlipa haijafika, umlipe kidogo kidogo.

Omba pia ripoti yako ya CRB, yaani ofisi ya kumbukumbu za mikopo, kwani una haki ya kupata moja bila malipo kila mwaka. Ukikuta deni ulilokwisha kulipa bado limeandikwa, lipinge kwa maandishi na uambatishe ujumbe wa malipo.