Matarishi wa Mwilini

Kila mwaka, katika mwezi wa Julai, watu wa Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, husherehekea Mwaka Kogwa. Wanaume wa pande mbili za mji hukutana uwanjani, wakapigana kwa migomba. Kisha kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake huimba, na ugomvi wa mwaka uliopita huhesabiwa umekwisha. Ndipo watu wote huenda kula.

Mfikirini kijana asimamaye uwanjani mara ya kwanza, mgomba mkononi. Hajapigwa bado, wala hajampiga mtu. Lakini moyo wamwenda mbio na pumzi zamjia upesi. Ni nani aliyeuamrisha moyo wake? Si yeye mwenyewe, maana hata akiusihi utulie, hautulii.

Juu ya kila figo pana kiungo kidogo kiitwacho tezi. Ubongo utambuapo hatari, hupeleka habari kwa njia ya mishipa ya fahamu, na tezi hizo hutia katika damu kitu kiitwacho adrenalini. Damu huichukua mwili mzima. Ifikapo moyoni, moyo hupiga kwa nguvu. Ifikapo mapafuni, njia za pumzi hupanuka. Ifikapo penye ini, ini hutoa sukari yake ya akiba ili misuli ipate nguvu. Hatari ikiisha, tezi huacha kazi hiyo, na mwili hutulia.

Tezi ni za namna mbili. Ziko zenye mifereji, kama zile zitoazo mate na jasho. Ziko nyingine zisizo na mifereji, ambazo hutia maji yao katika damu yenyewe. Vitu vitokavyo katika tezi hizi za pili huitwa homoni. Homoni ni kama tarishi achukuaye barua: hupita penye milango mingi, lakini hubisha hodi pale tu alipotumwa.

Sasa kijana ametoka uwanjani, naye aketi kula wali. Wali ule hugeuka kuwa sukari, na sukari huingia katika damu. Nyuma ya tumbo lake lipo kongosho, litoalo homoni iitwayo insulini. Kazi yake ni kuifungulia sukari mlango, itoke katika damu na kuingia katika misuli. Insulini ikikosekana, sukari hubaki katika damu na kutoka katika mkojo. Mtu huona kiu daima, hukojoa mara nyingi, na hukonda ijapokuwa anakula. Hayo ndiyo maradhi ya kisukari.

Zamani mtoto aliyekosa insulini hakuishi muda mrefu. Mwaka 1921, katika mji wa Toronto nchini Kanada, Frederick Banting na Charles Best walifaulu kuitoa insulini katika kongosho za mbwa. Mwezi wa Januari 1922, mvulana mmoja wa miaka 14, jina lake Leonard Thompson, alikuwa hospitalini katika mji huo, amekonda hata uzito wake ulikuwa ratili 65 tu. Sindano ya kwanza haikumfaa sana, kwa kuwa dawa ilikuwa haijasafishwa vema. James Collip akaisafisha, na tarehe 23 mvulana akadungwa tena. Sukari ikashuka, nguvu zikamrudia, naye akaishi miaka 13 zaidi.

Turudi kwenye chungu cha wali. Ndani yake mmetiwa chumvi kidogo. Ikikosekana, chakula hakina ladha, na ikizidi, hakiliki. Hali kadhalika homoni: chache ni hasara, nyingi mno ni hasara. Na katika chumvi hiyo limo jambo jingine. Mbele ya koo ipo tezi iongozayo mwendo wa mwili wote, na ukuaji wa watoto pia. Tezi hii haiwezi kufanya homoni yake bila iodini. Ikiikosa, huvimba, na uvimbe huo huitwa rovu. Mama mja mzito akiikosa sana, mtoto wake aweza kuzaliwa na akili nzito. Rovu la namna hii si uchawi wala laana; ni upungufu wa chakula.

Watu wa milimani hupata rovu kwa sababu mvua huiosha iodini katika udongo. Watu wa pwani walidhaniwa kuwa salama, kwa kuwa hula samaki. Lakini watoto wa shule wa Unguja na Pemba walipochunguzwa, mwanzoni mwa karne ya 21, rovu lilionekana kwao pia, na Pemba zaidi kuliko Unguja. Sababu ni hii: chumvi ikaushwayo juani kutoka maji ya bahari huwa na iodini kidogo mno. Haifai kutegemewa mpaka itiwe iodini. Tena ikishatiwa, yafaa iwekwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu.

Basi, aliye karibu na bahari asidhani kwamba bahari imekwisha kumtibu.

Maswali
1. Tezi zisizo na mifereji hutia wapi maji yao?
2. Moyo wa kijana ulikwenda mbio kwa sababu gani?
3. Taja dalili tatu za kisukari.
4. Kwa nini watoto wa visiwani waliweza kupata rovu?
5. Tazama chumvi itumikayo nyumbani kwenu. Je, imetiwa iodini? Huwekwaje?